Dalali wa Feri na Dalali wa Mpira

Kila yanapowadia majira ya usajili wa wachezaji, mji wetu huu hushikwa na homa. Kutoka Mtaa wa Msimbazi hata Mtaa wa Jangwani si mwendo mrefu kwa miguu, lakini katika mwendo huo mfupi mtu aweza kusikia habari kumi, na zote kumi zikapingana. Fulani amekwisha kutia sahihi. Fulani ameonekana uwanja wa ndege. Fulani amefichwa hotelini ili watu wa upande wa pili wasimfikie. Kuli aliyetoka zamu ya usiku bandarini huipokea habari pamoja na kikombe chake cha kahawa, naye huiamini, kwa kuwa aliyemwambia ameapa. Ifikapo jioni habari imekwisha kuota mbawa na kuongezwa bei, na kesho yake asubuhi yaonekana magazetini kwa herufi kubwa. Hapo hatuna budi kukiri kwamba sisi wenye magazeti hatuna mikono safi katika jambo hili.

Hatuandiki haya ili kumnyima mtu furaha yake. Yanga imekuwapo tangu 1935, na Simba tangu 1936, ingawa hiyo ya pili iliitwa Sunderland mpaka 1971. Na muda wote huo watani hawa wamewapa wafanyakazi wa Kariakoo na Ilala jambo la kubishania baada ya kazi. Utani ni mali yetu. Tunalouliza leo ni jambo jingine: uvumi huu wamfaidia nani?

Mwenye kuufuatilia kwa makini ataona kwamba mara nyingi uvumi hauzuki wenyewe. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita aweza kufanya mapatano na klabu nyingine bila ya ile aliyomo kumzuia. Huo ndio msimu wa mavuno wa wakala. Akinong'ona tu kwamba upande wa pili wamtaka mtu wake, viongozi wa upande huu huingiwa na hofu. Si hofu ya kumkosa mchezaji, bali hofu ya wanachama watakaokuja kupiga kelele mlangoni. Basi bei yapanda. Na kwa kuwa wakala hulipwa kwa kadiri ya fedha zinazopita, kila shilingi inayoongezwa na hofu hiyo yamwongezea na yeye fungu lake.

Lipo pia jambo ambalo wanachama wengi hawalitambui. Mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei yapaswa kugawiwa kwa vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Mbwana Samatta alipitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe 2011, kisha Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Safari kama hizo, kwa sheria, hurudisha kitu kidogo kwa klabu ya nyumbani iliyomfundisha kijana kupiga mpira. Lakini mchezaji akiachwa mkataba wake umalizike ndipo aondoke, aliyemlea hapati senti ya mauzo, kwa kuwa hakuna mauzo. Wakala yeye hulipwa, na pengine hulipwa zaidi, kwa sababu klabu mpya imeokoa bei. Hatushangai basi kuona jinsi wengine wanavyopenda mikataba mifupi.

Wakumbukwe pia wale waliouziwa matumaini. Januari 2013 Simba ilimwuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa bei ya dola 300,000, na wanachama wakashangilia. Fedha hazikufika kwa wakati, ikawa kesi ya FIFA. Na kabla mwaka haujaisha mchezaji yule yule alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Mambo ya Bernard Morrison yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 2020 Yanga ilidai ana mkataba wa miaka miwili, mwenyewe akakana, akaenda Simba. Shauri likatoka kamati ya TFF likafika hata Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi, na Yanga ikashindwa Novemba 2021. Mwaka 2022 Morrison akarudi Yanga! Gharama za mawakili walizilipa wanachama, na hakuna aliyewaonyesha hesabu.

Lakini shauri lililotugusa kuliko yote ni la Feisal Salum, kijana wa Zanzibar. Desemba 2022 aliiwekea Yanga shilingi milioni 112 katika akaunti yake, akidhani kwamba kwa fedha hizo amejikomboa mkatabani, akaaga. Klabu ikamrudishia. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba angali mchezaji wa Yanga, na alipoomba uamuzi utazamwe upya hakufanikiwa. Msimu ukaenda hadi mwisho yeye akiwa nje ya uwanja, katika umri ambao mchezaji hana miezi ya kupoteza, huku wenzake wakifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mambo yalikwisha Juni 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan, alipowaalika Yanga Ikulu, kuwaomba viongozi wamalizane na kijana huyo. Siku chache baadaye akawa mchezaji wa Azam.

Twamshukuru Rais kwa huruma yake. Lakini je, kila mchezaji atapata wa kumsemea Ikulu? Hatusemi ni nani alimshauri Feisal vizuri au vibaya, wala si kazi yetu. Tunalosema ni kwamba mfanyakazi aliyetia sahihi karatasi inayotawala miaka yake bora alifika mahali ambapo yeye na mwajiri wake waliisoma karatasi hiyo hiyo kwa maana mbili. Mtu mwenye ujuzi, aliyekula kiapo cha kumtumikia mchezaji peke yake, angekuwa na faida kubwa siku ile ya kutia sahihi. Kwa hiyo sisi si maadui wa mawakala. Wakala mwema ni kwa mchezaji kama chama cha wafanyakazi kwa kuli: makuli wa bandari hii waligoma Septemba 1947 kwa sababu mtu mmoja mmoja hakuwa na nguvu ya kubishana ujira na mwajiri wake.

Ubaya waingia pale anayesema kwa niaba ya mfanyakazi anapolipwa na mwajiri, tena kwa siri. Wazee wetu waliokwenda mashamba ya mkonge wakiitwa manamba walimjua vizuri mtu wa namna hiyo. Alikuja kijijini na maneno matamu, naye alilipwa kwa hesabu ya vichwa alivyovipeleka, si kwa hali waliyoikuta huko wenye vichwa hivyo.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. FIFA ilitangaza kwamba mwaka 2023 vilabu duniani vililipa mawakala dola milioni 888 katika uhamisho wa kimataifa, kiasi kisichopata kufikiwa kabla ya hapo. FIFA yenyewe ilikuwa imefuta leseni za mawakala mwaka 2015, ikaona matokeo, ikazirudisha pamoja na mtihani mwaka 2023, na kuweka kikomo: asilimia 5 ya ujira wa mchezaji usiozidi dola 200,000 kwa mwaka, asilimia 3 kwa kiasi kinachozidi hapo, na asilimia 10 ya bei kwa wakala wa klabu inayouza. Mawakala wakubwa wa Ulaya wakakimbilia mahakamani, Ujerumani wakapata amri ya kuzuia, na tarehe 30 Desemba 2023 FIFA ikasimamisha vikomo hivyo dunia nzima. Mtihani na leseni vilibaki. Wenye nguvu walijua kujitetea, nasi hatukushangaa.

Sasa tutazame hapa hapa. Asubuhi pale Feri, boti zikishusha samaki, dalali husimama mbele ya watu akainadi bei kwa sauti ambayo hata mpita njia huisikia. Mvuvi aisikia, mnunuzi aisikia, mama lishe aliyekuja na ndoo yake aisikia. Fungu la dalali lajulikana, naye hana haja ya kumnong'oneza mtu. Ni kazi ya halali, na wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Mbona basi dalali wa mpira, anayeshughulika na mtu na si na changu wala kibua, afanye yake gizani?

Uingereza, ambako mawakala wana nguvu kuliko hapa, chama cha mpira hutangaza kila mwaka kila klabu imewalipa mawakala kiasi gani. Ndiyo maana twaweza kujua tukiwa hapa Kariakoo kwamba katika mwaka ulioishia Februari 2024 vilabu vya Ligi Kuu yao vililipa zaidi ya pauni milioni 400. Mwanachama wa Simba au wa Yanga anayelipa ada yake anajua zaidi habari za Chelsea kuliko za klabu yake mwenyewe. Clatous Chama alipovuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani Julai 2024, mji mzima ulitikisika, watu wakanuniana nyumba kwa nyumba. Lakini ni mwanachama gani, wa upande wowote, aliyesomewa mkutanoni kwamba wakala alipata hiki na mchezaji alipata kile?

Twaitaka TFF ifanye mambo matatu. Kila mkataba unaosajiliwa na utaje jina la wakala, leseni yake, aliyemlipa na kiasi alicholipwa. Na mchezaji apewe nakala ya Kiswahili, asomewe na mtu asiyelipwa na klabu, kabla ya kutia sahihi. Kisha dirisha likifungwa, orodha ya malipo itolewe, klabu kwa klabu. Vilabu havitapenda. Mawakala watasema ni siri za kibiashara, ingawa waliosema hivyo Uingereza hawakufilisika.

Orodha hiyo ikibandikwa ukutani pale Karume, gazeti hili litaichapa yote neno kwa neno, ukurasa ule ule ambao hadi sasa tumeupa tetesi.