Mkutano Hauishi Mlangoni

Leo nataka tuzungumze habari ya mikutano. Labda utasema: "Mikutano tunaijua sana, kila juma tunaitwa." Naam, lakini ngoja kwanza usikie.

Tarehe 26 na 27 Februari 2020, wakubwa wa kampuni moja ya madawa, wapata watu 175, walikutana katika hoteli mjini Boston, Marekani. Walizungumza, wakala pamoja, wakaagana, kila mmoja akashika njia ya kwao. Hawakujua kwamba kati yao alikuwapo mgeni asiyealikwa, yaani ugonjwa wa korona. Baadaye zaidi ya watu 90, wahudhuriaji pamoja na watu wao wa karibu, walionekana wameupata. Wataalamu walipochunguza virusi vile, waliona vina alama yake, kama ng'ombe mwenye chapa ya boma lake. Wakaifuata chapa hiyo katika nchi nzima. Walikisia kwamba kufika tarehe 1 Novemba mwaka ule, mamia ya maelfu ya watu wa Marekani walikuwa wameambukizwa kwa mnyororo ulioanzia mkutano ule mmoja.

Basi kumbi zikafungwa. Je, ilifaa? Kwa wakati ule, ndiyo. Lakini fikiri ni nani wanaopata ugali wao kwa mikutano. Si wakubwa wenye tai tu. Yuko mpishi, yuko mfagiaji, yuko mama anayefua mashuka ya hoteli, yuko dereva wa teksi, yuko kijana anayepanga viti. Mkubwa aliweza kukaa nyumbani akazungumza na wenzake kwa simu. Lakini mashuka hayafuliwi kwa simu. Ukumbi ukifungwa mwaka mzima, watoto wa mfuaji watakula nini? Ndiyo maana ilibidi kutafuta njia ya kuzifungua kumbi bila kuwaua watu.

Tazama jumba la mikutano la New York liitwalo Javits Center. Mwaka 2020 liligeuzwa kuwa hospitali, likatibu wagonjwa zaidi ya 1,000. Mwaka 2021 likawa mahali pa kuchanjia watu. Kisha, Agosti mwaka huohuo, likafunguliwa tena kwa mikutano. Mwezi wa Novemba wakaja wapenzi wa katuni za Kijapani, watu 53,000! Lakini hawakuingia ovyo ovyo. Kila mtu mzima alitakiwa awe amechanjwa walau mara moja. Ndani ya jumba ilikuwa amri kuvaa barakoa. Na hewa ya jumba ilipitishwa katika machujio mazuri sana.

Mkutano ulipokwisha, habari mbaya ikatoka. Mtu mmoja aliyehudhuria alikutwa na Omicron, namna mpya ya korona iliyokuwa ikienda mbio kuliko zile za kwanza. Watu wakashika vichwa: Boston imerudi! Wakuu wa afya wakafanya uchunguzi. Walipata majibu ya vipimo vya wahudhuriaji 4,560, na wenye ugonjwa walikuwa 119 tu, yaani si hata 3 katika kila 100. Lakini walipowatazama rafiki za yule mtu wa kwanza, waliona jambo jingine. Kati ya wenzake 23 waliopimwa, 16 walikuwa nao!

Kwa nini? Kwa sababu rafiki hao hawakuishia ukumbini. Jioni walikwenda pamoja kula, kunywa na kuimba katika vyumba vya starehe, na wengine walilala chumba kimoja. Wataalamu hawakusema kwamba ukumbi ulikuwa salama kabisa. Walisema kwamba chanjo, barakoa na hewa safi huenda ndizo zilizozuia ugonjwa usitapakae sana.

Msomaji, hapo ndipo penye fundisho. Sisi hudhani kwamba hatari imo katika wingi wa watu, na kwamba ukiisha kupita mlangoni ukanawa mikono, kazi imekwisha. Sivyo. Ugonjwa huu hupanda hewa. Hupenda chumba kilichofungwa, kelele nyingi, na watu waliokaa karibu kwa saa nyingi. Haujali kama mkutano umefungwa rasmi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya hatari imekwisha. Lakini ugonjwa wenyewe ungalipo, na ndugu zake wanaosafiri kwa hewa, kama kifua kikuu na surua, tunao tangu zamani. Basi wewe baba unayeitisha kikao cha ukoo au cha ushirika, fungua madirisha, au kaeni chini ya mwembe. Wewe mama, mtoto akiwa na homa na vipele, usimpeleke arusini hata kama nguo mpya imekwisha shonwa. Mpeleke zahanati. Na wewe mwenye kikohozi kisichokwisha, ukikosa kikao kimoja ili upate kupimwa, hakuna atakayekuita mvivu. Umewapenda wenzako kuliko yule aliyekuja akawakohoa usoni.

Tukutane, ndugu zangu, maana mtu hawezi kuishi peke yake. Lakini tukutane hivi kwamba juma lijalo tukihesabiana, tuwe wote.