Spiriti Inayorudishwa Jikoni: Tumeuliza Twahara, Tukasahau Uhai

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, swali moja limekuwa likitufikia kutoka kwa akina mama wanaotengeneza manukato nyumbani. Huroweka karafuu, asmini au langilangi ndani ya spiriti kwa siku kadhaa, kisha huchuja. Kwa kuwa spiriti ni ghali, huichemsha ile iliyochujwa katika sufuria, wakaupoza mvuke kwa barafu na kuyakinga matone yake. Chini husalia uto mzito wenye harufu, na spiriti iliyorudi hutumika kwa kazi nyingine. Waulizacho ni kimoja: je, spiriti hiyo ni twahara, na je, sala ya aliyejipaka manukato hayo inasihi?

Nia ya kuepuka israfu ni njema. Wala ufundi huu si mgeni kwetu: Al-Kindi, mwanazuoni wa Iraki wa karne ya 9, ameandikiwa kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na namna ya kuyatoa kwa mvuke. Hata neno alkoholi asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja.

Ama hukumu yake, jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wanasema kuwa ulevi ni najisi. Wapo waliosema kuwa ni haramu kunywewa lakini dhati yake si najisi, miongoni mwao Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe. Mwaka 1995 wanazuoni na matabibu waliokutana Kuwait walipendekeza kuwa alkoholi isihesabiwe najisi, na kwamba hapana kizuizi kuitumia kuyeyushia manukato. Sisi hatubatilishi sala ya aliyefuata kauli hiyo. Na atakayechukua tahadhari akaosha mwili na nguo kabla ya kusali, amefanya vema.

Lakini kuchemsha hakubadilishi kitu katika hukumu hii. Wanazuoni huzungumzia istihala, yaani kitu kugeuka dhati yake, kama mvinyo unapogeuka siki wenyewe. Mvuke wa spiriti haukugeuka: kilichopanda ndicho kilichoshuka. Aliyeiona najisi kabla ya kuichemsha, kwake ni najisi baada yake. Na aliyeiona twahara, kwake ingali twahara.

Na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame. Kama dhati haikugeuka, basi na sumu yake haikugeuka. Spiriti nyingi za dukani zimechanganywa na methanoli ili zisinywewe. Wapo wanaodhani kuwa rangi ikishaondoka kwa kuchemsha, sumu nayo imeondoka. Sivyo. Methanoli huchemka kwenye nyuzijoto 65 hivi, na alkoholi ya kawaida kwenye 78. Vyote viwili hupanda na kushuka pamoja, na sufuria ya nyumbani haiwezi kuvitenganisha. Methanoli hupofusha macho na kuua. Mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Wao walikunywa kwa kukusudia. Mtoto mwenye kiu hahitaji kukusudia. Maji safi yasiyo na rangi, ndani ya chupa ya soda, juu ya meza ya jikoni: hatutaki kueleza zaidi.

Kisha kuna moto. Spiriti kali huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzijoto 17 tu, na sisi wa pwani tunaishi kwenye 30. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukaufikia mwali wa jiko au mkaa wa jirani. Tena mwali wa spiriti mchana ni vigumu kuuona. Mama anaweza kuwa anaungua kabla hajajua kuwa pamewaka. Nasi sote twajua jikoni kwetu hucheza nani.

Kanuni ya fiqhi ni kuwa dhara huondolewa, na kuepusha madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sheria. Kwa hiyo tunasema wazi: kuchemsha spiriti juu ya jiko la nyumbani, penye moto na watoto, hakufai, hata kama spiriti yenyewe tutaiita twahara. Akiba ya shilingi chache si udhuru mbele ya Mola wetu.

Njia ya halali haijafungwa. Kule Wawi, Pemba, makonyo ya karafuu hutolewa mafuta kiwandani kwa mvuke wa maji tu, bila ya tone la spiriti. Mchaichai na mdalasini hukubali njia hiyo hiyo. Asmini huweza kurowekwa katika mafuta ya nazi, kama walivyofanya bibi zetu. Na kikundi cha akina mama kinachoona hakina budi kurudisha spiriti, na kishirikiane kununua mtambo uliofungwa vema, usiotumia moto wa wazi, uwekwe mahali penye hewa mbali na makazi. SIDO waulizwe ushauri. Chupa ziandikwe kwa herufi kubwa na zifungiwe. Spiriti iliyorudishwa isitiwe kabisa katika chakula wala dawa, na mnunuzi aambiwe kilichomo, kwani biashara ni amana.

Baba wa familia, baada ya sala ya Ijumaa ya leo, ingia jikoni kwako utazame. Ukikuta sufuria ya spiriti, usianze kwa kuuliza kama ni najisi. Zima jiko kwanza.

Wallahu aalam.