Stika ya i7 Haichezi Gemu

Uliza leo, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, kompyuta ya bei nafuu ya kuchezea gemu ianzie wapi, na jibu utakalopewa karibu kila duka ni moja: tafuta prosesa ya i7 kwanza, mengine yatafuata. Muuzaji anaigonga kwa kidole ile stika iliyobandikwa usoni mwa boksi, na bei inapanda papo hapo. Mnunuzi anaondoka ameridhika. Akifika nyumbani anafungua GTA V, mchezo unakwamakwama, anarudi kwa fundi, na fundi anamwambia aongeze RAM.

Ushauri huu ni mbovu, na ubovu wake unamuumiza zaidi mwenye pesa kidogo. Mwenye mfuko mnene akikosea, ananunua tena. Kijana aliyedunduliza mwaka mzima hana pesa ya mara ya pili.

Tuitazame kazi yenyewe. Kila picha inayotokea kwenye monita wakati wa mchezo, yaani fremu, hupitia mikono miwili. Prosesa hupanga mambo: mpira uko wapi, beki anakimbilia upande gani, gari limegonga ukuta au limepona. Kisha kadi ya grafiksi inachora. Monita ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kila moja lazima ipewe rangi yake upya mara 60 kwa sekunde ikiwa unataka mchezo uteleze vizuri. Kila fremu inabakiwa na milisekunde 16 na ushei. Kati ya hao wawili, anayechelewa ndiye anayeamua kasi. Prosesa ikimaliza sehemu yake kwa milisekunde 8 na kadi ikahitaji 40, utaona fremu 25 kwa sekunde. Ukileta prosesa ya kumaliza kwa milisekunde 4, utaendelea kuona zile zile 25.

Katika michezo mingi yenye picha nzito, mchelewaji ni kadi. Na kompyuta nyingi za ofisi zinazoingia hapa kutoka Uingereza hazina kadi kabisa. Zinategemea grafiksi iliyomo ndani ya prosesa. Ile Intel HD 4000 iliyo ndani ya i7-3770 inatosha kwa Excel na kutazamia filamu. Kuipa GTA V ni kuionea.

Huna haja ya kuchukua neno langu. Fungua mchezo unaokusumbua, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, uangalie hesabu ya fremu. Zikipanda sana, mzigo ulikuwa kwenye kadi. Zisiposogea, hapo ndipo prosesa imechoka. Jaribio hilo ni la bure, na linasema ukweli kuliko stika yoyote.

Kuna pia suala la umri, ambalo madukani halitajwi mpaka uliulize. Hakuna anayenunua Toyota ya mtumba bila kuuliza ni ya mwaka gani, lakini i7 zinanunuliwa kana kwamba zote zilizaliwa siku moja. Jina hilo limekuwa sokoni tangu 2008. Core i7-2600 ilitoka Januari 2011 ikiwa na viini (cores) vinne na nyuzi (threads) nane. Core i3-12100F ilitoka Januari 2022, nayo ina viini vinne na nyuzi nane, ila kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi kwa wakati ule ule, na kwenye gemu inaiacha i7 ile mbali. Mwaka 2017 i3-8100 ilikuja na viini vinne, idadi ambayo miezi michache kabla ungeilipia bei ya i5. Kwenye laptopu ujanja ni mkubwa zaidi: i7-7500U ina viini viwili tu, wakati i5-8250U iliyoifuata ina vinne. Muuzaji anayekuambia "hii ni i7" akanyamaza, hajakuambia kitu.

Soma namba iliyo baada ya kistari. Kwenye prosesa za kompyuta za mezani, ikiwa na tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi. Ikiwa na tano, zitazame mbili za kwanza. Kizazi cha 2 na cha 3 havina amri za AVX2, ambazo Intel ilizileta na kizazi cha 4 mwaka 2013, na baadhi ya michezo mipya haifunguki bila hizo, hata uwe na kadi ya namna gani. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel za kawaida Windows 11 inaanzia rasmi kizazi cha 8. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine kongwe, na mafundi wetu wanazijua, lakini mchezo kama Valorant ukiwa ndani ya Windows 11 unadai TPM 2.0, yaani moduli ya usalama ya kompyuta, na hapo ujanja wa fundi unagonga mwamba.

Wanaotetea i7 wana hoja moja ya haki, nami sitaificha. Ukilinganisha prosesa za kizazi kimoja, i7 inaweza kuwa na faida ya kweli: i5-4590 ina nyuzi nne na i7-4790 ina nane, na michezo ya siku hizi ikikosa nyuzi za kutosha hushtukashtuka hata pale wastani wa fremu unapoonekana mzuri. Tena ipo michezo inayoikaba prosesa kwanza. Football Manager ni hesabu tupu za mechi na wachezaji. Wachezaji wa Counter-Strike 2 wanaotafuta fremu 200 kwa sekunde wataikuta prosesa ikiwa kizuizi kabla ya kadi. Anayecheza michezo ya namna hiyo tu, na achague kwa kuifuata. Lakini hoja hii haiongezi thamani ya stika. Inasema jua unacheza nini. Na kwa pesa ya i7 ya kizazi cha 4, ukijazia kidogo mara nyingi unafika kwenye i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini sita na iliyomo kwenye orodha ya Windows 11. Ningechukua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Basi pesa iende wapi? Karibu nusu iende kwenye kadi, na kadi ichaguliwe kwa kuangalia monita uliyonayo. Mwenye monita ya 1366 kwa 768 anachorewa takriban nusu ya nukta za yule wa 1920 kwa 1080. Kumnunulisha huyu kadi kubwa ni kumwibia mchana kweupe. Video za wenzetu wa Marekani zinasahau jambo hili, maana wanaanza na mtu asiye na chochote isipokuwa dola. Wengi wetu tunaanza na monita ya zamani na boksi la ofisi.

Boksi hilo la ofisi halistahili kudharauliwa. Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500 ni msingi mzuri wa kompyuta ya gemu, kwa sharti kwamba umbo lake ni lile kubwa la kusimama. Umbo jembamba linapokea kadi fupi tu za nusu kimo, ambazo ni chache na hupandishwa bei kwa sababu hiyo. Fungua mfuniko kabla ya kulipa. Tazama nafasi iliyopo kati ya sloti na sanduku la diski, kisha soma kibandiko cha pawa saplai. OptiPlex 7010 ya zamani, hata ile ya kusimama, ina wati 275 tu, na ndani hakuna waya wa kuilisha kadi kubwa. Ukitaka kubadilisha pawa saplai, utagundua kwamba mashine nyingi za Dell na HP za miaka iliyofuata zina plagi yao wenyewe kwenye mazabodi, haifanani na ya kawaida yenye pini 24, kwa hiyo utahitaji adapta.

Njia rahisi ni kutafuta kadi isiyohitaji waya. Sloti yenyewe inatoa hadi wati 75, na kuna kadi zilizoundwa ziishi ndani ya mpaka huo: GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019 katika matoleo yake mengi, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka Februari 2024 ikitumia wati 70. Hii ya mwisho usiichanganye na RTX 3050 ya gigabaiti 8, ambayo inataka waya wake. Radeon RX 6400 nayo haihitaji waya, ila inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye mazabodi ya kizazi cha zamani inapoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa boksi la mtumba, ningeiacha.

Usiogope mno lile onyo la kwamba "prosesa itaibana kadi." Kila kompyuta ina sehemu inayoibana nyingine, na i5-8500 ikibana RTX 3050 ni kwa kiasi ambacho hutakiona kwenye monita ya Hertz 60. Swali la maana ni kama fremu zinakutosha.

Upande wa pili wa ushauri wa "i7 kwanza" ni kwamba kilichobaki kinabanwa, na kinachobanwa kuliko vyote ni pawa saplai. Hapo sina huruma. Boksi la bati jepesi lililoandikwa "500W" kwa herufi kubwa halina wati 500 kwa sababu tu limeandikwa hivyo. Geuza usome kibandiko: ni ampea ngapi kwenye laini ya volti 12? Zizidishe kwa 12. Zikitoka wati 200, hizo ndizo kadi na prosesa vitakazogawana. Alama ya 80 Plus inapima jinsi umeme unavyotumika bila kupotea, haiapi kwamba ndani mna ulinzi wa kutosha, ingawa afadhali kuwa nayo kuliko kuikosa. Katika mitaa ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai mbovu ikifa haifi peke yake.

RAM haina mengi. Vijiti viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa inavisoma vyote kwa pamoja. Anayetegemea grafiksi ya ndani, kwa mfano Ryzen 5 5600G, ataiona tofauti hiyo kwa macho, maana grafiksi hiyo inaazima RAM hiyo hiyo. SSD inafupisha kusubiri mchezo ufunguke. Fremu haiongezi kitu. Taa za rangi nazo zinapendeza usiku.

Neno kuhusu kadi za mtumba. Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo zilimwagika sokoni, RX 580 zikiwemo. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbaya, ila feni zake na gundi yake ya joto vimechoka, na yenyewe inakula wati 185 hivi, kwa hiyo haiingii kwenye lile boksi la ofisi. Jihadhari zaidi na kadi bandia: chipu kongwe kama GTX 550 Ti hubadilishwa jina kwa programu ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Beba GPU-Z kwenye flashi. Ni programu ya bure, na ikikutana na nyingi kati ya hizo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi, muuzaji akiwa amesimama hapo hapo.

Kwa hiyo ukiingia dukani usiulize kama wana i7. Uliza namba kamili ya prosesa, ampea za volti 12 kwenye pawa saplai, na kama boksi linaingiza kadi ya kimo kamili. Kisha omba kadi iwashwe mbele yako na mchezo uchezwe kwa dakika 15. Muuzaji akikataa, rudisha pesa zako mfukoni uende duka linalofuata.