Udongo wa Masisi Haujilimi

Ukitaja Masisi katika soko la Virunga, mjini Goma, hukosi mtu wa kukwambia kwamba kule hata mbegu iliyodondoka njiani inaota. Husemwa na mwanafunzi, na dereva wa pikipiki, na mheshimiwa akiwa kwenye kampeni. Vilima vya kijani vyenye ng'ombe vimeipa wilaya hiyo jina la Uswisi ya Afrika, na jina limewalevya watu. Rais Félix Tshisekedi naye amezoea kuahidi kwamba udongo wa Kongo utalipiza kisasi juu ya madini, kana kwamba udongo una mikono.

Juu ya imani hiyo mnunuzi wa mjini amejenga kesi nzima. Kama ardhi ndiyo inayozaa, basi maharagi yakipanda bei kuna mtu anaiba. Na mkulima anayebaki maskini juu ya udongo mzuri namna ile, ama ni mvivu ama ni mjinga, aletewe trekta.

Kesi hiyo inaanguka mara tu mtu anapoingia kwenye shamba la migomba.

Mwaka 2001, katika kijiji cha Bwere wilayani Masisi, migomba ilianza kunyauka. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, nyingine kwenye mkungu uleule zikiwa bado mbichi. Ukikata tunda unakuta ndani pana rangi ya kutu, na shina lililokatwa linatoa usaha wa manjano. Ulikuwa mnyauko wa bakteria, ugonjwa uliotambuliwa kwanza Ethiopia, na Bwere ndipo ulipoonekana kwa mara ya kwanza nchini Kongo. Hauna dawa. Nyuki na wadudu wengine huubeba wakitembelea ua la mgomba, na panga la mkulima huubeba kutoka shina hadi shina.

Aliyebaki na migomba alibaki nayo kwa sababu alijifunza. Ua la dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, huondolewa mapema, tena kwa kijiti chenye panda, maana panga lingeeneza ugonjwa. Panga lenyewe hupitishwa kwenye moto au huoshwa kwa Jik kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mwanzoni wataalamu walishauri kung'oa kisiki chote chenye shina linaloumwa, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wakulima wengi waliikataa, na walikuwa na haki. Baadaye majaribio yaliyofanywa Kivu Kusini yalionyesha kwamba kukata tu shina linaloumwa, usawa wa ardhi, tena na tena bila kuchoka, hupunguza ugonjwa hadi shamba lirudi kuzaa. Kwa hiyo mkungu unaofika Goma umepita kwenye ukaguzi wa macho wa kila siku na nidhamu ya panga inayofanana na ya daktari na kisu chake. Hicho ni kilimo cha kisasa, ingawa hakina injini.

Jibini nalo ni hivyohivyo. Fromaji ya Masisi, yale maduara ya manjano yanayoliwa Goma na yaliyokuwa yakipakiwa ndege hadi Kinshasa, watu huiona kama zawadi ya majani mabichi. Ufundi wake ulifika na wamisionari wa Kibelgiji, na umedumu kwa sababu moja isiyopendeza: barabara mbovu. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri juu ya kilima, pasipo umeme wala friji, hayangojei lori lililokwama kwenye tope. Basi hupashwa moto juu ya kuni, hutiwa kigandishi, na yakishaganda hukatwakatwa maji yatoke. Kinachobaki hubanwa ndani ya vyombo vya duara, hulowekwa kwenye maji ya chumvi, kisha hulazwa juu ya mbao na kugeuzwageuzwa kwa majuma. Kilo moja hula takribani lita kumi za maziwa. Anayeona bei ya duara moja ni dhuluma ahesabu kwanza hizo lita, na awahesabu ng'ombe pia: vita vilivyoanzia Ntoto, Walikale, Machi 1993, na kumwagikia Masisi viliwamaliza sehemu kubwa, na kundi linaloonekana leo limejengwa upya baadaye.

Trekta, basi? Nchi hii ilikwisha kulijaribu, tena mahali palipo tambarare. Hifadhi ya kilimo ya Bukanga Lonzo ilizinduliwa mwaka 2014 kwa mashine za kutosha kupigia picha, ikafa 2017, na Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha za mradi huo. Kwenye miteremko ya Masisi trekta lingebingirika hadi bondeni kabla halijapindua tuta la pili. Kinachokosekana pale ni mkulima kuwa na uhakika kwamba mwakani shamba litakuwa lake bado. Kuanzia 1937 wakoloni waliwaleta Wanyarwanda kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Kivu. Mwaka 1973 Mobutu aliyatwaa mashamba ya wageni na kuyagawa kwa wakubwa wake. Hadi leo familia nyingi hulima kipande kilicho pembeni ya malisho ya mtu mwingine na kukilipia kwa siku za kazi. Nani atapanda miti ya kuzuia mmomonyoko mahali ambapo msimu ujao huenda akafukuzwa?

Walikale, wilaya jirani, inaivunja kwa njia nyingine imani kwamba ardhi huzaa yenyewe. Huko ni msitu, mawese na muhogo, na mtu wa mjini hudhani tumbo halina shida. Lakini mgodi wa Bisie ulipopamba moto katika miaka ya 2000, ndege kutoka Goma zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo zikiwa na bidhaa, zikarudi na kasiteriti, mawe yenye bati. Wapagazi waliotoka msituni na magunia ya kilo 50 ya mawe walirudi wamebeba unga, maharagi na bia. Vijana ambao wangelima walikuwa mashimoni, na chakula mgodini kiliuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya Goma. Wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini ikawa inanunua chakula mjini.

Tena kuna njia yenyewe ya kufikisha gunia sokoni. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS lilichora ramani ya vizuizi karibu 800 katika Kivu mbili, na katika vingi gunia lililipiwa. Kijijini mkulima alikuwa ameshawalipa wenye silaha kodi ile ya kila mwezi inayoitwa lala salama. Februari 2024 vita vya waasi wa M23 vilipofika mji wa Sake na barabara ya kwenda Masisi ikakatika, bei zilipanda Goma, na lawama ya kwanza ikawaangukia wamama wanaouza.

Mwaka mmoja baadaye M23, iliyokwisha kuiteka Goma, iliwapa wakimbizi wa kambi za pembezoni mwa mji saa 72 waondoke. Wengi walirudi Masisi katikati ya Februari, wakati wa kupanda maharagi ya msimu wa pili, wakakuta nyumba hazina mabati na hawana hata kopo moja la mbegu, kwa sababu mbegu huliwa njaa ikizidi. Mvua ilinyesha kama kawaida. Udongo ulikuwa palepale, mweusi na mzuri, na mashamba mengi yakajaa magugu. Mkulima aliyetaka kupanda alilazimika kununua maharagi sokoni, kwa bei ileile iliyokuwa inamuudhi mnunuzi wa Goma, na kabla hajafukia punje ya kwanza alikuwa tayari na deni.