Shaba Haiwezi Kuungama kwa Niaba Yetu



Tangu Papa Fransisko atoe waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, sisi waseminari tumezoea kuhubiri utunzaji wa mazingira kwa mfano wa kupanda miti. Mfano huo ni mzuri. Leo tunapenda kuzungumzia kazi inayofanyika maabara, kwa kuwa inagusa dhamiri zetu.

Mti hufyonza hewa ukaa na, kwa nguvu ya jua, huigeuza chakula chake. Wanasayansi wanajaribu jambo linalofanana na hilo kwa metali na umeme. Kipande cha metali, yaani elektrodi, hutumbukizwa katika maji ya chumvichumvi yenye hewa ukaa, kisha umeme hupitishwa. Hewa ile hugeuka kitu kingine pale juu ya uso wa metali. Dhahabu na fedha hutoa hasa monoksidi ya kaboni. Bati hutoa asidi fomiki. Katika miaka ya 1980 Yoshio Hori na wenzake huko Japani walionyesha kwamba shaba huenda mbali zaidi: hutoa methani, na pia ethilini, ambayo ni malighafi ya plastiki.

Lakini shaba ya kawaida hudai umeme mwingi, na sehemu ya umeme huo huishia kutoa hidrojeni kwenye maji. Mwaka 2012 Christina Li na Matthew Kanan wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliipasha shaba moto hewani mpaka ikavaa utando wa oksidi, kisha wakauondoa utando huo kwa njia ya umeme. Ikabaki shaba yenye chembe za kupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Shaba ni ileile, ila uso wake umepangika upya, nayo ikafanya kazi kwa nguvu ndogo zaidi.

Tunamshukuru Mungu kwa akili aliyomjalia mwanadamu. Hata hivyo, hatukubaliani na wanaosema kwamba basi tuendelee kuchoma mafuta na makaa ya mawe, maana mashine zitatusafishia hewa. Kuirudisha hewa ukaa iwe mafuta hudai nguvu nyingi kuliko tuliyoipata tulipoyachoma. Umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, tutakuwa tunachota maji kwa pakacha. Na mafuta hayo mapya yakichomwa, hewa ukaa hurudi ilikotoka. Kazi hii ina maana pale tu umeme unapotoka kwenye jua, upepo au maji.

Katekisimu inatufundisha kwamba mwenye kutubu anahitaji majuto, maungamo na malipizi. Anayefanya malipizi huku akipanga kurudia dhambi ileile amejidanganya. Elektrodi hizi zinaweza kuwa sehemu ya malipizi yetu kwa dunia tuliyoijeruhi, lakini haziwezi kujuta badala yetu. Katika Laudate Deum, mwaka 2023, Papa Fransisko alituonya tusidhani kwamba teknolojia peke yake itamaliza matatizo yote.

Tena tujiulize shaba inatoka wapi. Sehemu yake inachimbwa Katanga, kwa ndugu zetu wanaosali kwa Kiswahili kama sisi. Hewa ikisafishwa kwa shaba iliyochimbwa kwa kumdhulumu mchimbaji, tutakuwa tumefuta kosa moja kwa kuandika jingine.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa sayansi katika seminari zetu wawafundishe vijana kemia hii bila woga. Nasi tutakaotumwa parokiani tuifahamu vya kutosha, ili muumini akituuliza kama sayansi imekwisha kutuokoa na joto hili, tumjibu kwa ukweli: imetupa chombo, wongofu bado ni wetu.