Tone la Oili na Gunia la Karafuu

Wanachama wenzetu,

Katika mkutano uliopita mzee mmoja miongoni mwenu alisimama akatuuliza: "Gari letu lilikuwa likivuja oili tangu kabla ya mavuno, na nyinyi wa afisi mkiliona. Mlikuwa mkingoja nini?" Siku ile tulijibu kwa maneno mengi. Leo twajibu kwa maneno machache. Tulikuwa tukimngoja fundi kutoka mjini, naye kila wiki akituahidi wiki ijayo. Wala hapakuwa na haja ya kumngoja.

Juu ya injini pana kifuniko ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Baina ya kifuniko hicho na injini hutiwa gaskiti ya mpira, au ya kizibo katika magari ya zamani, ili oili isitoke. Kwa moto wa miaka mingi gaskiti hukauka ikawa ngumu kama kifuu, na oili ikapata njia. Ikidondokea ekzosi hutoa moshi na harufu ya kuungua. Ikiingia katika mashimo ya plagi, injini hukohoa. Gari letu lilitupa dalili zote mbili, na sisi dawa yetu ilikuwa kuongeza oili na kutandika magazeti chini ya gari.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Jioni moja ya msimu uliopita gari lilikuwa limepakia karafuu mbichi za bibi mmoja, mjane, zikipelekwa kuanikwa. Oili ilikuwa imepungua mno, taa nyekundu ikawaka, na dereva akasimama mlimani katika njia ya Wete. Alifanya vema kusimama, kwani angeendelea angeiua injini. Lakini karafuu mbichi haisikii udhuru. Ikifungiwa guniani hupata joto ikavunda. Zile zililala humo usiku kucha na nusu ya siku ya pili. Zilipokauka jamvini zilikuwa zimepauka na kusinyaa, na kituoni zikatiwa daraja la chini. Bibi yule hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Wako wasemao, "Kazi ya fundi mwachie fundi." Maneno hayo ni ya haki kwa kazi kubwa, lakini hii si kubwa. Ijumaa moja baada ya sala, sisi na dereva tuliibadilisha gaskiti hiyo uani, na kabla ya alasiri tulikuwa tunanawa mikono. Gaskiti yenyewe tuliinunua kwa pungufu ya thamani ya kilo tatu za karafuu kavu za daraja la kwanza.

Tulichojifunza ni hiki. Injini iwe baridi kabisa. Kwanza safisha pande zote za kifuniko, usije mchanga ukaangukia ndani. Nyaya za plagi zitie alama kabla ya kuzichomoa, kila moja irudi mahali pake. Boliti zilegeze kidogo kidogo kutoka pembeni kuja kati. Kifuniko kikigoma, kigonge taratibu kwa kipande cha ubao, wala usikichokoe kwa bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja katika aluminiamu huwa ndio mlango mpya wa oili. Mabaki ya gaskiti ya zamani yakwangue kwa kijiti au plastiki, kisha futa pande zote mbili mpaka ziwe kavu. Kama mashimo ya plagi yana mipira yake, ibadilishe pamoja. Silikoni tia kidogo, tena pale pembeni tu panapoagizwa na kitabu cha gari. Ikizidi, vipande vyake huangukia ndani vikaziba chujio la oili.

Wengi huharibu katika kukaza. Mtu huona oili inavuja, akashika spana akakaza kwa nguvu zake zote, gaskiti ikapasuka au kifuniko kikapinda. Boliti hizi, katika magari mengi, hukazwa kiasi cha nyutoni-mita 10 hivi, nguvu ya kiganja tu kwa spana fupi. Anzia kati uende pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu. Kisha washa injini, ngoja ipate moto, angalia kwa tochi, na pima oili. Tazama pia ule mpira wa kupumulia injini, kwani ukiziba, pumzi hujaa ndani na kuisukuma oili nje hata gaskiti ikiwa mpya.

Hatusemi kila mtu awe fundi. Oili ikichanganyika na maji, au injini ikigonga, mwiteni fundi, na alipwe haki yake. Twasema tu kwamba chombo cha wanachama ni amana, na mwenye amana hakai akahesabu matone.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo mawili katika mkutano ujao. La kwanza, jumuiya inunue sanduku moja la spana pamoja na gaskiti ya akiba, vikae afisini. La pili, mwezi mmoja kabla ya kuchuma, gari lifunuliwe uani mbele ya wanachama na vijana wao, kila atakaye ashike spana. Na juu ya yule bibi, twaomba mkutano umfidie tofauti ya daraja kutoka mfuko wa jumuiya. Kosa halikuwa lake, wala la dereva. Lilikuwa letu sisi wa afisi.

Wassalaam.
Katibu