Hamu ya Bwana na Hamu ya Bibi

Katika mikutano yetu ya wenye ndoa, kuna lalamiko linalorudi mara nyingi, kwa sauti ya chini, kikao kikiisha kufungwa. Bwana husema kwamba bibi yake hampendi tena, kwani hamtafuti kamwe. Bibi naye husema kwamba bwana humkumbuka taa ikizimwa tu. Kila mmoja anaeleza kweli aliyoiona, ila hukumu anayoitoa juu ya mwenzake siyo.

Kwanza kuna neno lenyewe. Katika katekisimu tulijifunza neno tamaa, nalo lilikuwa jina la dhambi. Lakini amri ya tisa inakataza kumtamani mke wa jirani. Haimkatazi mtu kumtamani mke wake mwenyewe. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alifundisha kwamba mapendo ya mwili ni zawadi ya Mungu kwa wenye ndoa. Hata hivyo, wengi wetu tuliingia katika ndoa tukiona haya kuitaja zawadi hiyo mbele ya yule tuliyepewa kuishiriki naye.

Tena, tulidhani hamu ina njia moja: moyo hutaka, kisha mwili hufuata. Mwaka 2000, Rosemary Basson, daktari wa Kanada, alieleza kwamba kwa wanawake wengi, hasa waliokaa miaka mingi katika ndoa, mambo huweza kwenda kinyume. Utulivu na ukaribu hutangulia, mwili huamka polepole, na hamu huja nyuma. Kwa hiyo bibi asiyeanza si lazima awe bibi asiyependa. Wala si wanawake pekee: mwanaume mwenye madeni au ugonjwa wa sukari anajua jinsi mwili unavyokataa kutii. Karol Wojtyla, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, aliandika mwaka 1960 kwamba msisimko wa mwanamke hupanda polepole na kushuka polepole, na kwamba bwana ana wajibu wa kujali mwendo huo. Padri hana bibi, ni kweli. Lakini huyu alikuwa amewasikiliza vijana wenye ndoa kwa miaka mingi.

Mama anayenyonyesha, homoni zake hupunguza hamu. Mama aliyeshinda sokoni Kadutu tangu alfajiri, kisha akawasha makala na kuwaogesha watoto, amechoka. Hajakataa mtu.

Liko jambo zito zaidi. Mwili waweza kuitika hali moyo haukubali, hata kwa woga. Katika Kivu yetu, ambako vita vimewatendea wanawake wengi ukatili, hili halina budi kusemwa waziwazi: kuitika kwa mwili si idhini. Na bwana anayedai “haki ya ndoa” kwa nguvu asijitetee kwa mafundisho ya Kanisa. Paulo wa Sita, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, alisema kwamba tendo analolazimishiwa mwenzi bila kujali hali yake na matakwa yake halali si tendo la kweli la mapendo.

Tunaona maandalizi ya ndoa yakitumia majuma mengi kwa mahari, vyeti na sare za arusi. Tunaomba jioni moja tu: wenye ndoa wa siku nyingi pamoja na muuguzi, wachumba wakae mbele yao, na maswali yaandikwe bila majina.